Gari la Moshi la Babu Latembea Tena

Akina mama wenzetu, wako wanaodhani Unguja haijapata kuwa na reli. Sivyo. Mwaka 1905 reli ya maili 7 ilianza kazi kati ya Mji Mkongwe na Bububu, ikiwa imejengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney. Ilichukua abiria hadi mwaka 1922. Babu wa watoto wetu alisimuliwa habari hizo na wazazi wake, na huenda ndiyo sababu alilipenda mno gari la moshi la kuchezea alilopewa ujanani na baharia Mwingereza.

Alipofariki, sanduku lake lilibaki uvunguni mwa kitanda. Jumapili moja tulipokuwa kanisani, kijana wetu wa miaka 12 alilitoa na kuchomeka plagi ukutani. Tulimkuta ameketi sakafuni anatetemeka, vidole viwili vimeungua. Alisema hajambo, lakini tulimpeleka hospitali siku ile ile, maana umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kuacha alama kubwa nje. Tunamshukuru Mungu, moyo ulikuwa salama.

Usiku tuliazimia kulitupa. Kijana akasema kwa machozi, "Mama, babu hakuniachia kitu kingine."

Kasoro ilikuwa wapi?

Kesho yake tulimwita jirani yetu, mzee fundi umeme. Alitueleza kwamba reli zenyewe hutumia volti 12 tu. Hatari ilikuwa katika transfoma, lile boksi linalopokea volti 230 za ukutani na kuzipunguza. Mpira wa nyaya zake ulikuwa umekauka na kupasuka, na hewa ya chumvi imekula viungio.

"Hili tusilitie kiraka," alisema mzee. "Hili tulizike."

Ndugu yetu aliyeko Uingereza akatuletea jipya, linalotoa volti 12 za umeme kama wa betri, lenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo. Kwa Jumamosi tatu tulikaa mezani pamoja. Kijana alisugua kutu kwenye reli na kukata nyaya mpya. Mzee alilehemu nyaya zinazopeleka umeme kwenye mota ndani ya kichwa cha gari, dirisha likiwa wazi. Kila mmoja alinawa mikono kabla ya kula, kwa sababu waya wa kulehemu huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto.

Mambo ya kukumbuka

Usimruhusu mtoto kuchomeka kifaa cha umeme cha zamani kabla fundi hajakikagua.

Ukimwona mtu amenaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu.

Asipopumua, anza mara moja kumkandamiza kifua, na mwingine aite msaada.

Hata akiinuka na kusema hajambo, apelekwe hospitali.

Jumamosi ya tatu gari lilizunguka meza yetu. Kijana alikuwa ameweka viberiti viwili viwe vituo: Ngome Kongwe upande huu, Bububu upande ule. Yule mzee alimpa kitufe akamwambia, "Haya mwanangu, endesha. Polepole." Boksi la zamani tulikwisha kulikata plagi yake, lisije likamdanganya mtoto mwingine.