Ajali Haina Kinga? Nafasi ya Lugha katika Mafunzo ya Waokoaji

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Hata hivyo, ni wao hao waliotuusia tuchukue tahadhari kabla ya hatari. Makala haya yanadai kwamba, kwa mwokoaji, usia huu wa pili ndio wenye uzito, na kwamba mafunzo ya usalama wake ni suala la lugha sawa na yalivyo suala la vifaa.

Tuchukue mfano wa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mlipuko mdogo wa kwanza uliwavuta watu madirishani. Bomu lilipolipuka, vioo viliwajeruhi wengi machoni. Jumba la Ufundi, lililopakana na Ubalozi wa Marekani, liliporomoka. Watu 213 walifariki jijini humo. Wananchi waliparamia vifusi wakavifukua kwa mikono mitupu. Utu wao haukuwa na kifani. Lakini uzito wa umati huweza kuvisogeza vifusi vikamwelemea aliye chini, na kelele zikaimeza sauti yake.

Ndiyo maana mwokoaji hufunzwa kwanza kujilinda. Huvaa kofia ngumu, buti, glavu, miwani na barakoa ya kuchuja vumbi la zege, ambalo hudhuru mapafu. Wengi waliofanya kazi katika vifusi vya New York baada ya mashambulizi ya mwaka 2001 waliugua miaka mingi baadaye.

Kisha hufunzwa ishara. INSARAG, kundi lililoundwa mwaka 1991 chini ya Umoja wa Mataifa, hutumia ishara tatu za kipenga au honi. Mlio mmoja mrefu: simameni, nyamazeni. Mrefu ukifuatwa na mfupi: endeleeni. Mifupi mitatu: ondokeni.

Ishara hizi hazina utata. Amri za mdomo je? Kitenzi 'acha' kinatosha kutuonya. Anayevuta kamba akiambiwa "Acha!", akome kuvuta au aiachilie kamba? Mshairi hufurahia neno lenye maana mbili. Mwokoaji laweza kumuua.

Hivyo basi, sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kushirikiana na wakufunzi wa uokoaji katika kuteua amri fupi, zenye maana moja, na kuzizoeza kabla ya maafa. Ajali huenda isiwe na kinga, lakini mwokoaji anaweza kukingwa, mradi afunzwe kwa lugha anayoielewa.