Mikokoteni ya Makambako na lehemu ya kurithi

Swali lilitoka Makambako, kwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 38. Alikwenda kupima presha, akashawishiwa apime na mafuta kwenye damu, akarudi nyumbani na kikaratasi kinachosema LDL yake ni milimoli 6.1 kwa lita. Aliyempa majibu akamwambia aache chipsi mayai na kitimoto. Kitimoto hajawahi kukitia mdomoni, na chipsi ni mara moja kwa mwezi, akiwa na wageni. Anakula ugali, viazi, maharage na maparachichi anayoletewa na mdogo wake anayelima Njombe. Sasa hayo mafuta, aliuliza, yamepitia wapi? Mwisho wa barua aliongeza kwamba baba yao alianguka shambani akiwa na miaka 44, wala hakuamka tena.

Aliliandika hilo kama jambo la kupita tu, na ndilo lenye jibu.

Kwanza parachichi liachiwe huru. Mimea haitengenezi lehemu ya kuhesabika, iwe ni alizeti ya Singida au parachichi la Njombe, kwa hiyo chupa ya mafuta ya alizeti inayojisifu kwamba haina lehemu ni sawa na chupa ya maji inayojisifu kwamba haina mifupa. Chakula huipandisha lehemu zaidi kwa mlango mwingine, yaani mafuta yanayoganda. Watu wa Njombe wana kipimo chao cha bure, baridi ya Julai: mafuta ya nguruwe huwa meupe sufuriani kama mshumaa, mawese hushika nusunusu, ya alizeti na ya parachichi hubaki yakimiminika.

Neno lenyewe lina mkasa. Mitaani watu husema mafuta kwenye damu, au kolestro. Kamusi na magazeti yamechagua lehemu. Lakini muulize fundi redio yeyote: kwake lehemu ni ule waya anaouyeyusha kuunganishia nyaya. Fundi anaweza kulalamika kwamba ameibiwa neno, na mgonjwa naye akaingiwa na hofu kwamba mishipa yake imezibwa kwa risasi. Hata hivyo, ukichungulia ndani ya seli, jina limekaa. Lehemu hujipenyeza katikati ya utando wa seli na kuushikisha usilegee, na seli ya mnyama haiishi bila hiyo. Balaa huanza inaporundikana barabarani, ndani ya damu.

Barabara hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukiwa Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia, reli ya TAZARA ikipita jirani. Wataalamu husema ini lina vipokezi vya LDL. Kipokezi ni neno sahihi, ila limekaa kitako mno. Linamleta akilini mtu wa mapokezi aliyetulia nyuma ya meza. Hiki cha LDL hakitulii hata kidogo. Afadhali kiitwe mkokoteni.

Magunia ya viazi yameshushwa kando ya barabara, lumbesa kwelikweli, kila moja limefungwa kamba moja. Gunia ndiyo chembe ya LDL, ile inayobeba lehemu kwenye damu, kamba ni protini iitwayo apo-B, na ini ndilo ghala. Mkokoteni huitafuta kamba na kuibana. Hapo ukuta wa ghala hubonyea, ukaumeza mkokoteni pamoja na mzigo wake. Ndani mna chumba chenye uchachu. Uchachu ukipanda, mikono ya mkokoteni hujikunja na kuliachia gunia. Gunia hupelekwa kufumuliwa, mkokoteni hurudi mlangoni mtupu. Safari nzima huchukua kama dakika 10. Mkokoteni mmoja huishi karibu saa 20, na katika muda huo hupiga safari zaidi ya 100. Waliouona mwendo huu ni Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa mtu mwenye mikokoteni yake yote, gunia hukaa barabarani kwa wastani wa siku mbili na nusu. Aliyerithi jeni moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja ana nusu tu ya mikokoteni inayotembea. Gunia lake huzurura siku nne na nusu, LDL hupanda karibu mara mbili tangu utotoni, na magunia yaliyochelewa hupenya kwenye kuta za mishipa ya moyo. Hali hiyo humpata mtu 1 kati ya 300 hivi duniani. LDL ikipita 4.9, daktari makini huanza kuuliza habari za ukoo kabla ya habari za sahani.

Halafu kuna kufuli.

Ini hilohilo hutoa protini iitwayo PCSK9. Hiyo hung'ang'ania mkokoteni ukiwa bado nje, na ukifika kwenye chumba cha uchachu, mikono inapotakiwa kujikunja, kufuli huizuia. Mkokoteni uliokwama haurudi mlangoni. Hupasuliwa kuni pamoja na mzigo wake. Mwaka 2003 watafiti walikuta familia za Ufaransa zenye kufuli kali kupita kiasi, na lehemu yao ilikuwa juu. Muda si mrefu Jonathan Cohen na Helen Hobbs, hukohuko Dallas, wakakuta kinyume chake: Wamarekani weusi wapatao 2 kati ya 100 walikuwa wamerithi kufuli bovu. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na walipofuatiliwa kwa miaka 15, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Badiliko hilo lipo pia Afrika yenyewe. Mwaka 2007 iliripotiwa habari ya mwanamke wa Zimbabwe aliyerithi kufuli bovu kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa takriban 0.4, naye mzima wa afya. Mwalimu wa Makambako anamzidi mara 15.

Vidonge vya statini vimetokana na kazi ya Akira Endo, Mjapani aliyechunguza kuvu wa kwenye mchele wa Kyoto mapema miaka ya 1970. Vidonge hivyo haviyeyushi kitu kwenye mishipa. Hulifungia ini kiwanda chake cha lehemu, nalo likiona ghala linakauka huagiza mikokoteni mingi zaidi itoke barabarani kuokota. Kuna kichekesho hapa: agizo hilohilo huleta na makufuli. Ndiyo maana kuongeza dozi mara mbili hushusha LDL kwa asilimia 6 tu zaidi. Tangu 2015 zipo sindano za kuyakamata makufuli yenyewe, ingawa bei yake si ya mshahara wa mwalimu.

Mafuta yanayoganda nayo hufanya kazi palepale mlangoni: yakizidi, ini hupunguza mikokoteni. Mbona basi Wamaasai? Mtafiti George Mann aliwapima Tanganyika mapema miaka ya 1960, watu wa maziwa na nyama, akakuta lehemu yao iko chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulionyesha kwamba lehemu ya chakula ikiongezeka, miili yao hupunguza ile inayotengenezwa ndani. Tena walikuwa wakitembea kutwa nzima.

Kwa mwalimu, mlo ule aendelee nao, lakini peke yake hautamfikisha. Anahitaji daktari, na karibu hakika anahitaji statini. Wachache huumwa misuli, na mjamzito kwa kawaida hapewi. Kikaratasi chake kinawahusu wengine pia, kwa kuwa kila mtoto na kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na jeni hiyo mbovu.

Aliandika tena wiki iliyofuata. Alikuwa ameulizwa kuhusu visigino, kwa sababu lehemu ya kurithi hujirundika pia kwenye kano nene iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, ikavimba na kuwa ngumu. Vyake havina kitu. Lakini alikumbuka kwamba baba yake alikuwa akizipasua gambuti kwa nyuma kwa kisu, eti zinambana. Na mdogo wake wa Njombe, mwenye miaka 31, huweka kitambaa kwenye gambuti ya kushoto kila anapokwenda kupalilia miparachichi. Mwalimu ameshamtumia nauli. Jumatatu anakwenda kupima.