Nzige mmoja, picha 25: Jinsi ya kumpiga mdudu picha isiyo na ukungu

UMEMPIGA panzi picha ukutani, ukaikuza kwenye skrini, ukagundua jicho limetoka safi lakini vipapasio vimemezwa na ukungu. Ukajaribu tena. Safari hii vipapasio vikatokea, jicho likapotea. Ukalaumu simu, ukaanza kupiga hesabu ya kununua nyingine.

Tulia kwanza. Simu haina makosa, na hata mwenye kamera ya laki mbili analia kilio hicho hicho. Ukimsogelea mdudu, lenzi huweza kuona vizuri tabaka jembamba tu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kila moja ikishika tabaka lake, kisha kuziunganisha ziwe picha moja. Tuite kurundika fokasi.

Kwa kijana wa Isiolo, hili si jambo la kutafuta likes pekee. Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani walivuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Kenya, na Januari 2020 walikuwa wamefika hapa. Kundi linalotanda kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kila mmoja hula majani ya uzito wake mwenyewe kwa siku, yaani gramu mbili hivi. Malisho yakiisha, mfugaji ndiye hulia.

Siku hizo simu zetu zilijaa picha. Shida ni kwamba nyingi zilikuwa za "kitu fulani chenye mabawa". Je, ni nzige wa jangwani, nzige wa miti au panzi wa kawaida tu wa msimu wa mvua? Mtaalamu hutazama vitu vidogo: umbo la ngao iliyo nyuma ya kichwa, kinundu kilicho chini ya shingo kati ya miguu ya mbele, madoa ya mabawa na rangi ya mwili. Kimoja kikiwa kwenye ukungu, anabaki kukisia.

Hesabu ya milimita

Chukua kamera yenye sensa kamili, ile ya upana wa milimita 36, na lenzi ya makro. Ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja yake ijae milimita moja ya sensa, na tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu itakayotoka safi ina kina cha milimita moja hivi. Basi. Sasa mtazame nzige uso kwa uso. Kutoka ncha ya kipapasio hadi kwenye ngao ya shingo, tuseme ni milimita 15. Picha moja itakupa sehemu moja tu kati ya 15.

Utasema, "Si nibane tundu hadi f/22, nipate kina kikubwa?" Wengi huanguka hapo. Kweli kina kitaongezeka, lakini mwanga ukipita katundu kadogo hutawanyika, na kwa ukubwa huo wa picha f/22 hufanya kazi kama f/44. Utapata picha ambayo kila kitu kimo ndani na hakuna kilicho kikali. Baki kati ya f/5.6 na f/8, idadi ya picha imalize kazi.

Kila picha lazima ipandane kidogo na iliyotangulia, kama mabati ya paa. Kwa kina cha milimita moja, sogea milimita 0.7 kila mara. Gawanya 15 kwa 0.7, unapata kama 22. Anza kabla ya ncha ya kipapasio na umalize baada ya ngao, jumla picha 25. Ukiruka hatua moja, katikati ya picha patabaki mstari wa ukungu ambao hakuna programu itakayouondoa.

Kuna njia ya mkato. Simama ubavuni ili mwili wa nzige ulale sambamba na sensa, kisha rudi nyuma hadi aenee mzima. Ukubwa ukishuka hadi nusu, kina kwenye f/8 hupanda hadi karibu milimita tatu, na picha tano au sita zinatosha. Kwa kutambua aina ya mdudu, mara nyingi picha ya ubavuni ndiyo yenye manufaa zaidi.

Vumbi, upepo na saa kumi na mbili asubuhi

Adui mkubwa ni mtikisiko. Ukishika kamera kwa mkono, pumzi yako peke yake inakuhamisha zaidi ya milimita moja. Tumia tripodi, au egemeza kamera juu ya mfuko wa mchele. Weka saa ya sekunde mbili ili kidole kisiguse kamera wakati inapiga. Ukipiga kwa ukubwa halisi, reli ndogo ya skrubu inayosogeza kamera nzima ni bora kuliko kuzungusha ringi ya lenzi. Kamera nyingine hujisogezea fokasi zenyewe: Nikon D850 ya 2017 na Canon EOS RP ya 2019 zote zinaweza. Kagua menyu ya yako, huenda umeikalia dhahabu bila kujua.

Kisha kuna mdudu mwenyewe. Jua likishapanda, panzi wa Isiolo hakungoji upige hata picha tatu. Amka mapema. Kabla ya jua kupasha majani mwili wake bado ni baridi na hajisumbui kuruka, na mara nyingi upepo nao haujaanza kuzungusha vumbi. Huhitaji safari ya mbuga. Ua la nyumba Kulamawe au Bula Pesa, au kichaka kando ya Mto Isiolo, linatosha. Usimtie mdudu kwenye friji wala kumpulizia dawa ili atulie. Na eneo likiwa limenyunyiziwa dawa ya nzige, kaa mbali nalo.

Vumbi letu nalo lina visa vyake. Doa moja kwenye sensa, ambalo katika picha ya kawaida hulioni, hapa hugeuka msururu wa madoa, kwa sababu programu ikizipanga picha 25 zilingane, doa linahama kidogo katika kila moja. Safisha lenzi kabla hujatoka, na usibadilishe lenzi barabarani lori likipita.

Funga kila kitu

Picha zote 25 lazima zifanane kwa kila kitu isipokuwa fokasi. Kwa hivyo ondoa oto. Weka mwanga kwa mkono, ISO 100 au 200, na ufunge mizani ya rangi. Ukiiachia kamera iamue, picha ya tatu itakuwa ya njano na ya kumi ya samawati.

Rangi hapa ni ushahidi. Nzige wa jangwani aliye kwenye kundi huwa wa waridi akiwa bado mchanga, na hugeuka manjano akishakomaa tayari kutaga. Mwenye kupanga kazi ya kuzuia kizazi kijacho anahitaji kuijua rangi hiyo. Basi ukitaka kulainisha mwanga wa flashi, tumia karatasi nyeupe au kipande cha mtungi mweupe. Usikate ule mtungi wa manjano wa maziwa ya ngamia, utampaka mdudu rangi ya embe na kumdanganya mtaalamu.

Na mwenye simu je?

Kwa simu pia inawezekana. Sensa yake ni ndogo, kwa hivyo kina chake ni kikubwa na utahitaji picha chache. Programu ya bure ya Open Camera ina hali ya kupiga mfululizo wa fokasi kwa simu za Android zinazoikubali. Banika kilenzi cha makro, egemeza simu, kisha iache ifanye kazi.

Kuunganisha hufanyika kwenye kompyuta. Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia lakini zina muda wa kujaribu bure. Kama mfuko umetoboka, pakua Hugin, ambayo ni ya bure na huja na enfuse, chombo kinachoweza kuunganisha picha zako. Kwenye Zerene utachagua kati ya njia mbili: PMax hushika vizuri nywele na miguu inayopishana, DMap hutunza rangi na sehemu laini. Jaribu zote mbili uone ipi inakufaa.

Ukiona vipapasio vitatu

Mdudu akitikisika katikati ya kazi, programu itamwongezea kipapasio cha tatu au mguu wa mzuka. Hapo ndipo utajaribiwa kufuta huku, kuchora pale na kuazima mguu wa panzi wa jana. Kama picha ni ya kutundika sebuleni, shauri yako. Kama ni ya kumwonyesha mtaalamu, usithubutu. Rudia, au tuma picha chache zilizo safi jinsi zilivyo. Picha ya kurundika ni picha iliyojengwa, kwa hivyo sema umeijenga, na uzihifadhi zile 25 za mwanzo ili anayeshuku akague.

Pia usiiache picha nzuri ikucheleweshe. Mwaka 2020 PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, ikishirikiana na FAO, ilitoa programu ya simu ya eLocust3m ili mtu wa kawaida aripoti nzige kwa picha na mahali alipo. Kundi likitokea, piga picha moja, ripoti mara moja, mambo ya reli na tripodi yafuate baadaye.

Kwa sasa hakuna dharura, na huo ndio wakati mzuri wa kujifunza. Kesho asubuhi toka nje, tafuta panzi mmoja aliyelala kwenye jani, umpige picha sita kutoka ubavuni. Mara ya kwanza zitaharibika. Ya nne au ya tano, utaona jicho, ngao ya shingo na bawa vyote vikiwa safi kwenye picha moja, na utajua yule mdudu wa ukutani alikuwa nani.