Kompyuta kwa Ndani (3): Kadi Iliyojua Fizikia Tu

Wiki iliyopita tulieleza jinsi prosesa kuu na kadi ya michoro zinavyogawana kazi. Mwaka 2006 kiliingia sokoni kifaa cha tatu: kadi ya fizikia iitwayo PhysX, iliyobuniwa na kampuni ya Ageia ya Marekani.

Pipa likilipuka ndani ya gemu, kompyuta inapaswa kujua kila kipande kinarukia wapi, kina kasi gani, kimegonga ukuta au kimegongana na chenzake, na kitatua vipi. Hesabu hizo hurudiwa makumi ya mara kwa sekunde. Vipande kumi prosesa kuu inavimudu. Vikifika maelfu inalemewa, maana ina shughuli nyingine tele. Ageia waliona kwamba hesabu yenyewe si ngumu, ila ni nyingi mno, hivyo inafaa kugawiwa vitengo vingi vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja. Wakaunda chipu ya transista milioni 125, wakaipa kumbukumbu yake ya megabaiti 128.

Kampuni za ASUS na BFG ziliiuza kadi hiyo kwa takriban dola 300, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Aliyecheza gemu ya Ghost Recon Advanced Warfighter aliona kweli vifusi vikiongezeka kila mlipuko ulipotokea, lakini mchezo ukawa mzito badala ya kuwa mwepesi. Vifusi hivyo vya ziada vilitakiwa kuchorwa pia, na mzigo huo ukaiangukia kadi ya michoro.

Kwa maoni yangu, kilichoiua hasa ni kingine. Mtengenezaji gemu hawezi kufanya ushindi utegemee mahali maelfu ya vifusi vinapoangukia, ilhali wachezaji walio wengi hawana kadi ya kuvikokotoa. Fizikia ikabaki pambo: moshi, vumbi, vitambaa vinavyopepea. Wachache hutoa dola 300 kwa ajili ya pambo.

Kadi za michoro nazo zilikuwa zinabadilika. Tangu kampuni ya Nvidia ilipotoa kadi ya GeForce 8800 mwezi Novemba 2006, na CUDA, mfumo wa kuiandikia programu, mwaka uliofuata, vitengo vyake vingi viliweza kupewa hesabu za aina nyingine, si za kuchora tu. Februari 2008 Nvidia ikatangaza kuinunua Ageia, ikahamishia programu ya PhysX kwenye kadi zake, na chipu ile ikaachwa.

Programu yenyewe ingali hai. Desemba 2018 Nvidia iliuweka wazi msimbo wake. Kijana anayejifunza programu aupakue bure, aanze kuusoma.