Jenereta ya mkojo: Kabla hujashea ile picha, piga hesabu

Ile picha lazima umeiona. Wasichana wanne wa shule kutoka Nigeria, jenereta, na maandishi kwamba lita moja ya mkojo inatoa stima ya saa sita. Walionyesha mashine yao jijini Lagos mwaka wa 2012, kwenye maonyesho ya Maker Faire Africa. Hadi leo picha hiyo hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp, hasa wakati token zimetuishia.

Sayansi yenyewe si uongo. Mkojo una yurea, na ndani ya yurea kuna haidrojeni, gesi inayowaka. Ukipitisha umeme, yurea inavunjika na haidrojeni inatoka. Mwaka wa 2009, Gerardine Botte na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walionyesha jinsi ya kufanya hivyo.

Utamu uko kwa volti. Kuvunja maji, kwa hesabu ya kitabuni, kunahitaji volti 1.23. Yurea inahitaji 0.37 pekee.

Lakini yurea ni mkaidi. Bila kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha kazi bila chenyewe kuisha, utangoja sana. Kina Botte walijaribu metali za bei kali kama platinamu, lakini aliyeshinda ni nikeli, ambayo ni rahisi zaidi na imo hata kwenye vijiko visivyoshika kutu.

Sasa shida. Nikeli haianzi kazi hadi ifike karibu volti 1.4. Tupige hesabu basi. Lita moja ya mkojo ina yurea ya gramu 20 hivi. Hiyo inakupa gramu 2 za haidrojeni, zenye nishati ya wati-saa 67. Kwa volti 1.4, umeme wa kuzitoa ni wati-saa 75. Umeweka 75, umepata 67, na jenereta bado haijakula yake. Hiyo gesi itaisha kwa dakika chache, si saa sita.

Siwalaumu wale wasichana. Walikuwa na miaka 14 na 15, na waliunda mashine. Wa kulaumiwa ni sisi tuliosambaza picha bila kuuliza stima ya kuanzia inatoka wapi.

Je, tutupe wazo lote? Hapana. Mitambo ya kuvunja maji viwandani hutumia karibu volti 1.8 au zaidi, kwa hivyo yurea inaweza kupunguza bili, na wakati huohuo majitaka yanasafishwa. Ndiyo maana watafiti wanachanganya nikeli na kobalti ili ianze kazi mapema, na wanatafuta njia ya kuzuia uso wake usizibwe na uchafu na kuchoka.

Kwa hivyo msee akikuomba uwekeze kwenye "stima ya mkojo", muulize mawili tu: inatumia volti ngapi, na kichocheo kinadumu muda gani? Akianza kuzunguka, nunua token zako uende nyumbani.