Ufuo wa Karagita unaliwa, na ukuta wa mawe hautauokoa

Ukiwauliza wakazi watatu wa Karagita Ziwa Naivasha linaishia wapi, kila mmoja atakuonyesha mahali pake, kulingana na mwaka aliohamia mtaani. Aliyekuja kutafuta kazi ya maua mwaka 2009 alilikuta ziwa limerudi nyuma mno, tope likikaukia juani. Aliyekuja 2020 aliyakuta maji yameingia nyumba za mtaa jirani wa Kihoto, na mwishoni mwa 2025 watu wa huko walihama tena, wengine kwa mashua. Ziwa hili halina mto unaotoka ndani yake. Hupokea maji ya Malewa, Gilgil na Karati, mengi zaidi yakitoka Malewa, kisha huyapoteza kwa jua, kwa mashamba na kwa njia za chini ya ardhi. Mvua zikizidi hupanda, zikipungua hushuka, na anayetaka kuulinda ufuo wake hana budi kuanzia hapo: analinda kitu kinachohama.

Maji yakipanda polepole yakiwa yametulia hayaharibu ukingo sana. Kinachoula ni mawimbi. Wavuvi wanajua kwamba ziwa hulala asubuhi na kuamka mchana upepo unapovuma, na wimbi linaloongezeka kimo mara 2 huongezeka nguvu mara 4. Likifika ukingoni huchimba chini kwanza. Juu hubaki kipande cha ardhi kinachoning'inia, chenye nyasi na labda mti, mpaka siku kinapoporomoka chote. Udongo wa Naivasha hausaidii: ni majivu ya volkano na mashapo ya kale ya ziwa lenyewe, mepesi, yanayoachana upesi yakilowa.

Zamani mawimbi hayo hayakuifikia ardhi kwa ukali wake wote, kwa sababu yalikutana kwanza na mafunjo. Mmea huu hufika mita 4 au zaidi, lakini kazi yake kubwa iko chini, ambako mashina yake ya kutambaa na mizizi husukana kama mkeka mnene. Wimbi likipita humo hupungua nguvu, na tope lililobebwa huachwa kati ya mashina. Mafunjo ya Naivasha yamepungua sana tangu katikati ya karne iliyopita. Watafiti, akiwemo David Harper wa Chuo Kikuu cha Leicester aliyelisoma ziwa hili kwa miongo kadhaa, walieleza jinsi yanavyopotea: maji yanaposhuka mafunjo hubaki nchi kavu, nyati na ng'ombe huyafikia kwa urahisi, watu huyafyeka na kulima. Maji yakirudi hayakuti kitu cha kuyazuia. Magugumaji, yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, si mbadala wa mafunjo. Hayana mizizi ya kushika ukingo, na upepo ukiyasukuma ufuoni husugua na kung'oa hata miche iliyokuwa imeanza kushika.

Karagita ina tatizo lake la ziada ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko upepo. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa imepakana na mashamba ya maua, hoteli na makazi ya watu binafsi, na njia za umma za kufika majini ni chache. Kwa hiyo uwazi mdogo wa Karagita hubeba shughuli za watu maelfu: mashua za wavuvi, mikokoteni ya punda inayochota maji, nguo zinazofuliwa, pikipiki zinazooshwa, ng'ombe wanaonyweshwa. Udongo unaokanyagwa namna hiyo kila siku hauotishi kitu. Kumlaumu mama mwenye beseni kwa kuharibu ufuo ni kumwonea. Hana ufuo mwingine.

Wengi wakifikiria suluhisho hufikiria ukuta wa mawe au saruji. Ukuta una mahali pake, kwa mfano penye gati. Lakini wimbi likiugonga ukuta ulionyooka halifi; hurudi na kushuka, likachota mchanga wa miguuni mwa ukuta hadi ukaegemea na kuanguka. Kwenye ncha zake mawimbi hupinda na kula kwa jirani. Tena, ukuta uliojengwa kwa kipimo cha mwaka mmoja, mwaka mwingine utakuwa chini ya maji au umesimama peke yake uwanjani. Ni pesa nyingi kwa kitu ambacho ziwa hukipita.

Ukingo unaomomonyoka pia ni habari ya afya. Udongo huingia majini na fosforasi iliyoshikamana nao, na fosforasi ndiyo mbolea ya mwani. Nyumbani, maji yenye tope hula dawa ya klorini kabla haijaua vijidudu, na vijidudu vingine hujificha ndani ya chembe za udongo. Anayechota ziwani ayaache yatuame, ayachuje kwa kitambaa safi, ndipo aweke dawa. (Kuhamia kisimani si jibu jepesi, kwani visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na floridi haitoki kwa kuchemsha.)

Si tope lote ni la ufuo. Lingine hushuka na Malewa kutoka mashamba ya miinuko ya Nyandarua, na huko kumekuwa na mpango ambao watumiaji maji wa chini waliwalipa kidogo wakulima wa juu ili wapande mistari ya nyasi na nepia kuzuia udongo. Lakini nyasi za Nyandarua haziwezi kuzuia wimbi la Karagita.

Hapa ufuoni, cha kwanza ni kuzigawa shughuli: njia moja ya mifugo na mikokoteni iliyowekwa kokoto na kulazwa mteremko mdogo, mahali pa kufulia na kuoshea pikipiki pasogezwe juu, mbali na maji, na sehemu iliyobaki iwekewe uzio. Ukingo uliosimama wima ulazwe kwanza ndipo upandwe. Mche hauwezi kushika ukuta wa udongo. Na wakati wa kupanda ni maji yanaposhuka, si yanapopanda, kwa kuwa mbegu za mafunjo huota kwenye tope bichi lililo wazi. Ugomvi unaanzia hapo. Kwa makubaliano ya miaka ya 1930, wenye mashamba kando ya ziwa waliruhusiwa kuitumia ardhi inayoachwa na maji, mradi wasijenge majengo ya kudumu, na tope hilo lina rutuba ya kumvutia kila mwenye jembe. Kwa hiyo kamati ya usimamizi wa ufuo ikingoja maji yashuke ndipo iwaite majirani wakubaliane kipande kipi kiachiwe mafunjo, itawakuta tayari wamepanda mboga.