Mkanda wa Kiwiko kwa Mpara Samaki wa Feri

Wengi wanaougua kiwiko cha tenisi hawajawahi kushika raketi. Pale soko la samaki la Feri, Magogoni jijini Dar es Salaam, wapara samaki hushika kisu tangu alfajiri, wakikwangua magamba ya changu na kupasua kolekole. Mwendo ni uleule, tena wa nguvu. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochosha kano linaloshikiza misuli ya kunyanyulia kiganja kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Likishachoka, hata kukamua nguo au kubeba ndoo ya maji huwa mateso.

Zamani madaktari waliamini kuwa kano limevimba tu. Mwaka 1979 Robert Nirschl na Frank Pettrone wa Marekani walieleza walichokikuta kwenye upasuaji: nyuzi zilizochakaa na kuvurugika, ambazo mwili umeshindwa kuzikarabati. Ndiyo maana sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki chache, kisha mara nyingi maumivu hurudi.

Mkanda unasaidia, ila wengi huufunga pasipo pake, juu ya mfupa wenyewe unaouma. Mahali pake ni vidole viwili chini ya kiwiko, kwenye mnofu wa mkono. Hapo hubana misuli, na ule mvuto wa kila mkwaruzo wa kisu haulifikii kano wote. Usiukaze hadi vidole vife ganzi, maana mshipa wa fahamu unapita humo. Uvae kazini, usiku uvue.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2004, uliohusisha wagonjwa 180, ulionyesha kuwa katika wiki 6 za mwanzo mkanda uliwawezesha watu kufanya shughuli zao vizuri zaidi, huku fiziotherapia ikipunguza maumivu zaidi. Baada ya mwaka hapakuwa na tofauti. Kwa mtu ambaye asipopara hali, naona wiki hizo 6 zina thamani kubwa.

Lakini kano huimarishwa na mazoezi. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini nje ya ukingo, shika chupa ya maji ya nusu lita, inyanyue kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha ishushe polepole. Rudia kila siku, na uwe na subira: wengi hupona ndani ya mwaka. Ukiona ganzi vidoleni, au kiwiko hakinyooki, usiendelee kukaza mkanda. Nenda hospitali ukapimwe.